Kiwanja Kitupu cha Dunga

Ugonjwa wa kutaka ardhi kando ya ziwa ulimpata mume wangu kwenye kikombe cha chai. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, naye alikuwa amepandishwa cheo ofisini, kutoka karani wa kawaida hadi karani mkuu, kwa sababu mzungu aliyekalia kiti hicho alikuwa anafunga mizigo arudi kwao. Kabla ya kuondoka, mzungu yule alimwalika nyumbani kwake Milimani. Wakakaa barazani, wakanywa chai, wakatazama ziwa. Basi. Hawakuzungumza la maana, kwa kuwa hawakuwa na la kuzungumza. Lakini mume wangu alirudi nyumbani mtu mwingine.

"Unajua," aliniambia akivua koti polepole, "yule mtu miaka yote hii alikuwa anakaa tu pale jioni, anaangalia maji."

"Na wewe ulitaka aangalie nini?"

"Huwezi kuelewa."

Kweli sikuelewa. Mimi nilizaliwa upande wa Maseno, kwenye mawe na vilima, na maji niliyoyajua utotoni ni yale ya kubeba kichwani. Yeye alizaliwa Kombewa, na ziwa alikuwa nalo tangu hajaanza kuvaa suruali. Alioga humo, alinywesha ng'ombe humo, na mama yake aliwahi kunisimulia jinsi alivyotolewa humo akiwa ameshavimba tumbo kwa maji. Kumbe muda wote huo hakuwa ameliona. Ilibidi mzungu amwonyeshe, tena siku ya kuaga.

Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba ya serikali mjini Kisumu, dirisha letu likitazamana na choo cha jirani. Mimi nilikuwa nesi hospitalini. Nyumbani tuliongea Kiswahili, maana Kiluo changu kilimchekesha, na Kinyore, lugha ya kwetu, yeye hakukijua kabisa. Nataka nikiri kwamba sikuwa mtakatifu katika jambo hili la ardhi. Yeye alitaka ziwa, mimi nilitaka jiko lenye mfereji wa maji ya bomba ndani. Niliposikia neno "kujenga" sikuuliza wapi. Nilianza kuona mfereji.

Dalali alipatikana haraka, kama nzi wanavyopata kidonda. Alikuwa kijana wa mjini mwenye miwani ya jua na viatu vyenye ncha, viatu vilivyoogopa matope kuliko mwenyewe alivyomwogopa Mungu. Alitupeleka mbele kidogo ya Dunga, ufuo wa wavuvi, tukaacha gari letu la mitumba barabarani, tukateremka kwa miguu hadi kwenye kipande cha ardhi kilichoinama kuelekea majini. Huko chini kulikuwa na mafunjo, halafu ziwa lenyewe. Mume wangu akasimama, akaweka mikono kiunoni, akavuta pumzi kama mtu anayepimwa kifua.

"Kitupu kabisa," dalali akasema. "Hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna maneno."

"Na hii minyaa?" nikauliza. Ilikuwepo ile miti isiyo na majani, yenye utomvu mweupe wa kupofusha macho, imesimama kwa duara kubwa lililokatika hapa na pale. Hata mimi wa vilimani nilijua kwamba mtu hapandi minyaa kwa duara ili kupendezesha ziwa. Anaipanda kuzunguka boma.

"Imejiotea," dalali akasema.

"Kwa duara?"

"Mama, Mungu akitaka atapanda hata kwa mraba."

Mume wangu akacheka sana, kile kicheko cha mtu aliyekwisha kuamua. Nilikuwa bado nauona mfereji.

Mwenye ardhi tulimkuta siku hiyohiyo. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, aliyevaa koti la jeshi alilorudi nalo kutoka vitani ujanani mwake, limefifia hadi halina rangi ya kutajwa. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Nyalenda, mjini, pamoja na mke wake. Zamani walikaa pale pale kando ya ziwa, akatuambia, lakini mvua kubwa za wakati wa uhuru zilipolijaza ziwa, maji yalipanda hadi mlangoni, kisha hadi kitandani, kisha kuta za udongo zikaanguka. Wakakimbilia mjini wakisema watarudi maji yakipungua. Maji yalipungua. Wao hawakurudi. Mzee alikuwa amepata deni na kiu, vyote vya mjini.

Siku ya bodi ya ardhi, ambayo bila idhini yake hakuna mauzo, tulikaa kwenye mabenchi nje ya ofisi ya chifu, tukasubiri kuitwa. Mume wangu alivaa tai. Bodi ilimuuliza mzee kama anauza kwa hiari yake, akasema ndiyo. Ikamuuliza mke wake kama amekubali. Mama yule, mnene, mtaratibu, mwenye kitambaa cheupe kichwani, alisimama akachukua muda wake wote.

"Nimesikia," akasema. "Lakini na yeye mwenyewe atalala wapi?"

Wazee wa bodi wakaangua kicheko. Mwenyekiti akajifuta macho.

"Mama, si ana nyumba Nyalenda? Atalala huko. Au unamfukuza?"

"Nauliza tu," mama akasema, akaketi.

Wakagonga muhuri. Mimi nilicheka pamoja na wengine. Nilidhani ni mzaha wa mke aliyechoshwa na mlevi.

Tukawa watu wenye ardhi. Sijui wengine huwa wanafanya nini wakishanunua ardhi, lakini mume wangu alinunua kiti cha turubai kinachokunjwa, na darubini. Nyumba hata msingi haukuwepo. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikwenda kukaa. Yeye kwenye kiti, tai shingoni, darubini machoni, akitazama mitumbwi ambayo angeweza kuiona vizuri tu bila darubini. Mimi kwenye mkeka, nikifukuza mbu. Nikimuuliza anaona nini, anajibu, "Utulivu."

Utulivu wenyewe ulikuwa na shida moja: wanawake wa omena, wale dagaa wa ziwani. Walikuwa wakianika samaki zao pale tangu siku ambazo mume wangu alikuwa hajui hata kuandika jina lake. Asubuhi walimwaga omena kwenye magunia na nyavu kuukuu kuanzia ua wa minyaa hadi kwenye mafunjo, na kiwanja chote kikang'aa kama bati jipya na kunuka kama kinavyopaswa kunuka. Mume wangu akawaambia waondoke. Wakasema sawa. Kesho yake wakarudi. Akaleta fundi, akazungusha nguzo na waya. Wakashukuru sana, wakatandaza nyavu juu ya waya, maana kitu kinachoninginia hukauka upesi kuliko kilicholala chini. Ndipo akaandikisha ubao, herufi nyekundu: MBWA MKALI.

Jumapili iliyofuata kiongozi wao alitujia. Alikuwa mwanamke mwenye mikono mikubwa na kicheko cha kusikika hadi ng'ambo.

"Bwana," akasema kwa heshima, "tumeona habari ya mbwa."

"Ndiyo," mume wangu akasema. "Ni mkali sana."

"Pole. Sasa tunauliza, anakula omena? Kwa sababu siku tatu tunamtafuta tumpe, hatumwoni."

Wenzake walikuwa wamejipanga nyuma wakisubiri jibu, nyuso zao kavu kabisa. Mume wangu akainua darubini akatazama ziwa. Nililazimika kuinama, nikajifanya natafuta kijiko.

Lakini aliyemchosha zaidi alikuwa mzee mwenyewe. Mzee hakuacha kuja. Alikuja kwa miguu kutoka Nyalenda, koti lake mwilini, akapita chini ya waya kwa kuinama polepole, akatusalimu, kisha akaenda kukaa kwenye jiwe moja ndani ya duara la minyaa. Hakuomba kitu, isipokuwa chai kama ipo. Alimwita mume wangu "mgeni wangu".

"Mzee," mume wangu akamwambia siku moja, sauti yake nyembamba kwa adabu, "mimi si mgeni. Mimi nilinunua."

"Ndiyo, ulinunua," mzee akasema. "Hata mimi nilikuwepo."

"Sasa unakuja kufanya nini?"

"Kuona kama umeanza kujenga. Mtu akinunua asijenge, majirani wanauliza maswali."

Mume wangu akaona hayo ni matusi, na huenda yalikuwa. Ndiyo maana akaamua kuwaalika wakubwa wa ofisini waje waone ardhi, kabla ya nyumba. Wakaja, pamoja na watoto wao na wake zao waliovaa viatu vya kisigino. Nilikaanga ngege, samaki wa ziwa hilo, nikapika na wali. Mke wa mkubwa wake alikaa kwenye kile kiti cha turubai, leso imebanwa puani, akisema kila mara, "Hewa hapa ni safi sana," na kila akisema leso inapanda juu kidogo. Usiku uliotangulia kiboko alikuwa ametoka majini, akapita katikati ya waya kana kwamba waya ni uzi wa buibui, akala maua yote niliyopanda, akatuachia furushi la kinyesi mahali mume wangu alipopanga kuweka baraza. Wageni walisimama wakilizunguka, wakilitazama kwa heshima. Mkubwa akauliza, "Na hapa ndipo mtakuwa mnakunywa chai?" Mzee, kutoka kwenye jiwe lake, akajibu kwa niaba yetu: "Ndiyo, Bwana. Huyu naye hunywa hapa."

Mwaka mmoja au zaidi ulipita hivyo. Fundi alikuwa amekwisha kuchora nyumba yetu: vyumba vinne, baraza ndefu inayotazama ziwa, na jiko lenye mfereji, ambao nilikuwa nimehakikisha amechora kwa wino. Jumamosi moja asubuhi tukateremka naye kupima msingi. Tukakuta wanaume wanachimba ndani ya duara la minyaa. Shimo lilikuwa limewafika kifuani, na udongo umerundikwa vizuri pembeni.

"Habari ya asubuhi, Bwana," wakasema. "Habari, Mama."

"Mnachimba nini?" mume wangu akauliza.

"Nyumba."

"Nyumba gani? Ya nani?"

"Ya mzee," mmoja akasema, akaendelea kutupa udongo. "Alituacha juzi."

Fundi wetu, ambaye alikuwa mtu wa huku na alielewa upesi kuliko sisi, akavua kofia. Akakunja mchoro wake, akauweka kwapani, akarudi barabarani polepole kama mtu anayetoka kanisani.

Mume wangu sijawahi kumwona vile. Alipiga kelele hadi wanawake wa omena wakasimamisha kazi. Alitaja bodi, akataja muhuri, akataja serikali, ambayo wakati huo alikuwa bado anaamini ni yeye. Wachimbaji walimsikiliza kwa upole wakiegemea majembe, na alipomaliza wakaendelea. Akaingia garini akaenda kumleta chifu. Mimi nikabaki, kwa sababu nilikuwa nimemwona mke wa mzee. Alikuwa ameketi chini kando ya minyaa, miguu imenyooshwa mbele, na wanawake wawili watatu wamemzunguka. Nikaenda nikaketi karibu naye. Nikampa pole.

"Asante, binti wa Maseno," akasema. Walikuwa wananiita hivyo hapo, kama wanavyowaita wake wote wanaotoka mbali.

"Mama," nikasema, "mume wangu amekwenda kumwita chifu."

"Vizuri. Chifu naye anastahili kuwepo."

"Lakini mliuza, Mama. Mimi mwenyewe nilikuwepo."

"Nilikuwepo pia. Niliuliza mbele ya watu wote, atalala wapi? Mkacheka." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekumbusha habari za mvua. "Hapa ndipo nyumba yake ilipokuwa. Na baba yake yuko pale, chini ya lile jiwe alilopenda kukaa. Ulifikiri alikuwa anakuja kuwatazama ninyi?"

Nililitazama lile jiwe. Watoto wa wageni wetu walikuwa wamecheza juu yake. Mimi nilikuwa nimeweka sufuria ya wali juu yake. Niliona aibu, si kwa sababu mtu alinilaumu, bali kwa sababu hakuna aliyenilaumu.

Chifu akafika, kofia kichwani, fimbo mkononi. Mume wangu alikuwa nyuma yake akizungumza bila kupumua. Chifu akatembea hadi kwenye shimo, akachungulia, akaitikia kwa kichwa, ameridhika na kazi. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Bwana Karani, wewe una cheti. Hao wana maiti. Na jua la leo ni kali."

"Kwa hiyo sheria—"

"Sheria nitaitafuta Jumatatu," chifu akasema. Akavua kofia, akaenda kukaa na wafiwa. Mtu akamletea kiti. Kilikuwa kile chetu cha turubai.

Nilimkuta mume wangu garini, amefunga vioo vyote, jasho linamtiririka. Alikuwa anapanga kwenda kwa mkuu wa wilaya. Alikuwa anapanga kumshtaki dalali, mzee, mke wa mzee, bodi, na nadhani na kiboko. Nikaingia nikaketi upande wa pili.

"Nikuulize kitu," nikamwambia. "Ukifa wewe, nikuzike wapi?"

"Sasa hayo ni maneno gani?"

"Nijibu tu. Hapa? Tutakuwa tumejenga, baraza inaangalia ziwa. Nikuzike hapa, mbele ya baraza?"

Akanigeukia kama mtu aliyetukanwa.

"Hapa? Na watu hawa? Mimi ni mtu wa Kombewa. Utanizika Kombewa, kando ya baba."

Hakuhitaji kufikiri hata kidogo. Jibu lilitoka lenyewe, kama jina lake. Halafu akalisikia. Nilimwona anapolisikia. Alibaki ameshika usukani wa gari lililozimwa. Baadaye akafungua kioo. Harufu ya omena ikaingia. Akavua tai, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Waambie wachimbaji," akasema, "kama wanataka maji ya kunywa, kuna debe kwenye buti ya gari."

Ningependa kumwacha mume wangu hapo, akiwa amependeza namna hiyo. Lakini siku ya mazishi ilifika, na mazishi yana mahali pa hotuba.

Watu walikuja wengi, kutoka Nyalenda, kutoka Dunga, wengine kwa mitumbwi. Nguzo zetu za ua ziligeuka kuni ya kupikia ugali wa waombolezaji, na ubao wa MBWA MKALI niliuona chini ya sufuria, herufi nyekundu zikijikunja kwenye moto. Mume wangu alikuwa ametoa ng'ombe. Hakuna aliyemwambia atoe, na sikumzuia. Lakini mtu aliyetoa ng'ombe hutaka asikike. Ilipofika zamu ya majirani akasimama, akajisafisha koo, akasema kwa Kiluo kizito cha ofisini kwamba yeye, akiwa mwenye ardhi hii, ameamua kwa moyo mweupe kumpokea mzee. Alieleza jinsi alivyoipata ardhi. Alieleza maendeleo. Akaeleza umuhimu wa mandhari. Jua lilikuwa linatuchoma, jeneza liko wazi kwenye kivuli cha turubai, na yeye amefika kwenye mipango yake ya baraza.

Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu akamgusa mwenzake.

"Huyu ni nani?"

"Si yule jadak wa Kombewa."

Neno hilo nililijua, ijapokuwa Kiluo changu kilikuwa cha kuombea chumvi. Jadak ni mtu aliyekaribishwa kukaa kwenye ardhi ya wengine, mtu wa kuvumiliwa. Bibi hakulisema kwa chuki. Alilisema kama mtu anavyosema "yule mwenye baiskeli". Lakini sauti yake ilikuwa ya wale wasiosikia vizuri, na mume wangu alilisikia lote. Akasimama mdomo wazi katikati ya neno "mandhari". Watu wakapiga makofi wakidhani amemaliza. Akaketi.

Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kulipia ardhi kwa akiba ya miaka, akapewa muhuri na cheti na ramani, halafu akaambiwa na bibi kizee asiyejua kusoma kwamba amekaribishwa. Nilicheka moyoni siku hiyo, nami nilikuwa na haki ya kucheka. Lakini nilipomwona usiku anageuka kitandani, nikajua limemchoma mahali ambapo mimi sikuwahi kufika.

Alijaribu kuuza. Wanunuzi walikuja, wakapendezwa na maji, wakaliona kaburi jipya na maua yake ya makaratasi, wakakumbuka shughuli nyingine mjini. Dalali hakupatikana tena kwa kazi hiyo, kwa kuwa alikuwa amegombea udiwani akashinda, na sasa alikuwa anaahidi vitu vya bure badala ya kuuza vya watu. Basi tukajenga. Fundi akarudi na mchoro wake. Mume wangu akamwambia aigeuze nyumba: baraza itazame barabarani, jiko ndilo litazame ziwa. Hakutoa sababu. Fundi hakuuliza.

Kwa hiyo aliyepata kuangalia maji ni mimi, miaka yote hiyo, nikiosha vyombo kwenye mfereji wangu. Niseme ukweli, ni mazuri. Asubuhi yana rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji mengi, mchana yana rangi ya bati, na jioni siyaoni kwa sababu ya moshi wa jiko. Mume wangu alikaa barazani akiangalia vumbi la barabara, na wapita njia walimsalimu, naye akawajibu, na polepole akapata watu wa kuzungumza nao kuliko alivyowahi kupata kwa darubini.

Mjane hakurudi Nyalenda. Kwa desturi yao hakupaswa kumwacha mzee peke yake pale, na kwa hesabu zake mwenyewe kodi ya chumba ilikuwa kubwa. Wanawe wakamjengea nyumba ndogo ya udongo karibu na kaburi, ndani ya kiwanja chetu, na safari hii mume wangu hakwenda kumwita mtu. Alinunua misumari. Mama yule alikuwa jirani mgumu. Kuku wake walikula mboga zangu, na akiniazima pasi alinirudishia ikiwa na jivu. Lakini ndiye aliyenifundisha kupika omena isiwe chungu, na ndiye aliyekaa nami nilipopata malaria, akinisugua miguu na kuniambia kwamba wanaotoka Maseno hawana damu.

Tulikwenda tena kwenye bodi ya ardhi tukiwa tumezeeka kidogo. Mume wangu alikuwa amekata shauri kimya kimya, akaniambia tu siku ya kwenda: sehemu ya chini, kuanzia duara la minyaa hadi kwenye mafunjo, ikatwe iandikwe jina la mjane na wanawe. Wajumbe wa bodi walikuwa wapya, vijana wenye kalamu za mfukoni, na mwenyekiti hakuelewa.

"Unauza?" akauliza.

"Hapana."

"Unakodisha? Kuna kesi?"

"Hakuna."

"Sasa unatoa bure? Kipande kinachoangalia ziwa?" Mwenyekiti akawageukia wenzake kama anayetafuta daktari. "Bwana, lazima tuandike sababu."

Nilimtazama mume wangu. Nilijua anavyopenda nafasi kama hiyo, watu wamenyamaza na kalamu zimeinuliwa. Nikajiandaa kwa hotuba, nikavuta kanga vizuri begani.

"Ni yao," akasema.

Mwenyekiti akangoja. Hakikuja kingine. Akaandika.

Mjane alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma. Hakushukuru, na sidhani alifikiri kuna cha kushukuru. Tulipotoka alitutangulia garini, akaketi mbele, mahali pangu, akasema tupitie Dunga kabla wavuvi hawajamaliza kuuza, kwa sababu nyumbani hakuna kitoweo. Tukapitia. Alichagua ngege kwa kuwabonyeza macho, akagombana na muuzaji, akanipa mimi nibebe, nao wakanilowesha gauni hadi nyumbani.